Refleksolojia Mbele ya Sheria: Rejista Inathibitisha Nini?

Mtu anayejitangaza mjini Johannesburg kuwa mtaalamu wa refleksolojia tiba, akatoza malipo bila kusajiliwa na baraza la kisheria, anavunja sheria ya nchi. Akihamia Melbourne, hakuna baraza la serikali litakalomdai usajili. Lakini tangu tarehe 1 Aprili 2019 bima binafsi ya afya yenye ruzuku ya serikali hairuhusiwi kumlipia mteja wake, kwa kuwa serikali ilipitia ushahidi ikaona hautoshi. Akienda London atakuta rejista inayotambuliwa na mamlaka, ila kujiandikisha ni hiari yake. Akifika Dar es Salaam atakuta sheria ya mwaka 2002 inayoshika tiba asili na tiba mbadala kwa pamoja, na mitaani mabango ya wayo uliopakwa rangi, ini huku, figo kule, pamoja na ahadi ya kuujua mwili mzima bila kutoa tone la damu.

Si ajabu basi kwamba mwananchi amechanganyikiwa. Anaambiwa na huyu kwamba refleksolojia ni taaluma ya afya kamili, yenye baraza na maadili yake. Anaambiwa na yule kwamba ni starehe ya saluni iliyovishwa koti jeupe. Wote wawili wana nyaraka za kuonyesha. Tatizo ni kwamba ndani ya swali moja mmejificha mawili: je, kukanda nyayo kunatibu? Na je, anayekanda ana wa kumwajibisha? Nchi zilizotajwa hapo juu hazipingani sana kama inavyodhaniwa. Kila moja imechagua swali la kuanzia.

Ilikotoka

Wenye fani hupenda kuanzia Misri ya kale, kwenye kaburi la Ankhmahor huko Saqqara, ambamo mna mchoro wa watu wakishikwa miguu na mikono. Mchoro upo; kwamba unaonyesha refleksolojia ni tafsiri tu, kwani unaweza pia kuwa unaonyesha utunzaji wa kucha au kuchua kwa kawaida. Kukanda miguu ni jambo la kale kila mahali, Pwani yetu ikiwemo, na halihitaji Farao wa kulipa heshima.

Refleksolojia kama mfumo ina umri wa karne moja hivi. Daktari wa masikio, pua na koo wa Marekani, William Fitzgerald, aliugawa mwili katika kanda kumi za wima, tano kila upande, akadai kwamba kubana sehemu moja ya kanda hupunguza maumivu katika sehemu nyingine ya kanda ileile. Kitabu alichoandika na Edwin Bowers kilitoka mwaka 1917. Katika miaka ya 1930 Eunice Ingham, aliyekuwa akifanya kazi ya tiba ya viungo, aliyachukua mawazo hayo akayahamishia kwenye nyayo, akachora ramani: kidole gumba ni kichwa, upinde wa ndani ni uti wa mgongo, kisigino ni nyonga. Kitabu chake cha 1938 ndicho kilichozaa shule nyingi za Magharibi. Doreen Bayly aliipeleka Uingereza miaka ya 1960. Upande wa Asia, padri Mswisi aliyekuwa Taiwan, Josef Eugster, aliieneza kwa namna yenye mkono mzito zaidi, na ni namna hiyo ya Kiasia ambayo wakazi wengi wa miji ya Afrika Mashariki wameijua kwanza, kupitia nyumba za masaji na kliniki za Kichina.

Historia hii ina maana katika mjadala wa sheria. Fani haikuzaliwa na chuo kimoja wala ramani moja. Ramani za shule mbalimbali hazikubaliani kila mahali juu ya kiungo gani kiko wapi, na maelezo ya jinsi inavyofanya kazi hubadilika na msemaji: mara neva, mara mtiririko wa nishati, mara chembechembe za takataka zinazodaiwa kujikusanya chini ya ngozi. Anatomia haijui njia yoyote maalumu inayounganisha sehemu fulani ya wayo na ini au kongosho. Mtunga sheria anayetaka kupanga mtaala wa taifa anagonga hapo mapema: wanafunzi wafundishwe ramani ipi?

Majaribio yameonyesha nini

Madai ya refleksolojia ni ya aina mbili, na hayana uzito sawa. La kwanza ni kwamba wayo unaweza kusoma ugonjwa. Mwaka 2000 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio dogo la wazi kabisa: watu wazima 18 wenye magonjwa yanayojulikana waliwekwa mbele ya wataalamu wawili wa refleksolojia ambao hawakuwajua wala kuambiwa lolote. Wataalamu hao walishindwa kutofautisha mwenye ugonjwa fulani na asiye nao, na hata wao kwa wao hawakukubaliana. Jaribio la watu 18 si neno la mwisho, lakini kwa dai la kwamba nyayo huonyesha hali ya kila kiungo, halikuwa jaribio gumu.

Dai la pili ni kwamba kukanda kunaponya au kunapunguza dalili. Hapa picha ina vivuli zaidi. Mwaka 2009 mtafiti Edzard Ernst alikusanya majaribio 18 yaliyopangwa kwa bahati nasibu, akahitimisha kwamba ushahidi bora uliokuwepo haukuonyesha kwa njia ya kuridhisha kwamba refleksolojia inatibu ugonjwa wowote. Kwa pumu, jaribio la Denmark la wagonjwa 40 lililochapishwa mwaka 2001 halikuona tofauti kati ya refleksolojia halisi na ya kuigiza. Kwa upande mwingine, jaribio la Marekani la mwaka 1993 lenye wanawake 35 liliona nafuu ya dalili za kabla ya hedhi.

Majaribio mawili yanastahili kutazamwa kwa utulivu kuliko mengine, kwa sababu yanaonyesha kiini cha ubishi wote. Mwaka 2009 watafiti wa Ireland ya Kaskazini walichapisha matokeo ya watu 73 wenye sklerosisi anuwai (multiple sclerosis), maradhi ya mfumo wa neva yanayoleta maumivu ya muda mrefu. Kundi moja lilipata refleksolojia, jingine likapata kukandwa miguu kwa mfano tu, bila kufuata ramani. Maumivu yalipungua kwa karibu nusu katika makundi yote mawili. Mwaka 2012 likaja jaribio kubwa la Marekani lenye wanawake 385 waliokuwa na saratani ya matiti iliyosogea mbali. Waliopata refleksolojia walipungukiwa na shida ya kupumua na wakaweza zaidi kufanya shughuli za mwili. Kwenye maumivu, kichefuchefu na wasiwasi hapakuwa na tofauti. Na kundi lililokandwa miguu na mtu asiye mtaalamu lilipata ahueni ya uchovu.

Mtetezi wa fani anasoma matokeo haya na kusema: mnaona, wagonjwa wanapata nafuu. Mpinzani anayasoma yaleyale na kusema: mnaona, ramani haina kazi. Wote wawili wamesoma sawasawa. Kinachoelekea kusaidia ni saa nzima ya kuguswa kwa upole, kupumzika, kusikilizwa na mtu asiye na haraka, jambo ambalo mgonjwa wa hospitali zetu zenye foleni ndefu halipati kirahisi. Nafuu hiyo si ya kudharauliwa. Kinachokosa ushahidi ni kwamba ilitokea kwa sababu kidole kilibonyeza mahali pa mapafu.

Njia ya Afrika Kusini

Afrika Kusini ndiyo mfano wenye mafunzo mengi, kwa kuwa imeyapitia yote mawili, kufunga mlango na kuufungua. Mwaka 1974 sheria ilifunga rejista ya wahomiopathi, wanaturopathi na wenzao ili waliokuwepo wamalize maisha yao ya kazi na fani ife nao. Haikufa. Sheria namba 63 ya mwaka 1982 ikaunda baraza, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 mawanda yake yalipopanuliwa, refleksolojia tiba iliingia pamoja na aromatherapia, masaji tiba, ayurveda, tiba ya Kichina na Unani-Tibb. Baraza hilo liko kando na lile la madaktari, na kando pia na utaratibu wa waganga wa jadi, ambao walipata sheria yao wenyewe mwaka 2007.

Jambo la msingi katika mfumo huo ni mgawanyo wa ngazi. Wapo wanaoruhusiwa kutambua ugonjwa, kama wakairopraktiki na wahomiopathi, na wapo wanaoitwa watoa tiba, ambao hawaruhusiwi. Mtaalamu wa refleksolojia yuko kundi la pili. Anatakiwa kuwa na elimu iliyoidhinishwa, kuendelea kujifunza kila mwaka, kutunza kumbukumbu za mteja, kufuata maadili, na kumpeleka kwa daktari mtu ambaye hali yake inavuka uwezo wake. Akikosea, kuna mahali pa kumshtaki.

Faida zake zinaonekana. Mteja anajua jina la kutafuta kwenye orodha. Muuguzi wa wodi ya saratani anayetaka mgonjwa wake akandwe miguu anajua amwite nani bila kubahatisha. Baadhi ya mifuko ya tiba hulipa kwa sababu mtoa huduma ana namba rasmi. Na kwa watoa huduma wenyewe, wengi wao wanawake wanaofanya kazi peke yao na kuingia majumbani mwa watu, usajili ni kinga dhidi ya dharau na dhana chafu. Hoja hii ya mwisho si ndogo: jimbo la Washington nchini Marekani lilipoanza kudai cheti kwa wataalamu wa refleksolojia mwaka 2013, sababu mojawapo ilikuwa kwamba nyumba za masaji zilikuwa zikijipachika jina la refleksolojia ili kukwepa leseni ya masaji, na baadhi zilificha biashara ya ngono.

Udhaifu wake nao uko wazi. Baraza linatakiwa kupima kama mtu amejifunza refleksolojia vizuri; halitakiwi, na kwa muundo wake haliwezi kirahisi, kuuliza kama kilichofundishwa ni kweli. Wajumbe wengi wanatoka ndani ya fani zilezile. Ni sawa na kumwachia fundi cherehani aamue kama nguo bado zinahitajika. Pia mteja akiona neno "tiba" juu ya cheti chenye nembo ya sheria, haelewi kwamba cheti kinathibitisha mafunzo na nidhamu peke yake. Anaelewa kwamba serikali imesema inaponya. Hapo ndipo usajili, uliokusudiwa kumlinda, unaweza kumpotosha.

Njia ya hiari

Uingereza iliufikia ukingo huohuo ikageuka. Mwaka 2000 kamati ya sayansi ya Baraza la Malodi iliziweka tiba mbadala katika makundi. Refleksolojia ikaangukia kundi la pili, la huduma zinazosindikiza matibabu bila kudai kutambua ugonjwa. Kairopraktiki na ostiopathi zilikuwa tayari na sheria zao za miaka ya 1990. Kwa kundi la pili serikali ilichagua kusaidia kuanzishwa kwa rejista ya hiari, ambayo chombo chake kiliundwa mwaka 2008, na mwaka 2013 mamlaka inayosimamia viwango vya taaluma ikaitambua. Walio ndani wanawajibika kwa maadili yake. Walio nje hawavunji sheria.

Uzuri wa njia hii ni wepesi. Haigharimu hazina kubwa, haimtishi mtu anayekanda miguu ya wazee mtaani kwake, na haitoi picha kwamba Bunge limebariki ramani ya nyayo. Kasoro yake ni kwamba anayefukuzwa kwenye rejista leo anaweza kufungua mlango wake kesho asubuhi, jina lilelile, bango lilelile. Wanaojiandikisha ni waangalifu tangu mwanzo. Walio hatari hawana haja nayo. Kinachoziba pengo kwa kiasi ni sheria nyingine: msimamizi wa matangazo wa Uingereza huwabana wanaodai kutibu magonjwa bila ushahidi, wawe wamesajiliwa au la. Nadhani sehemu hiyo ndiyo yenye meno, na ni ajabu kwamba haizungumzwi sana.

Uswisi imejaribu kitu cha katikati. Baada ya wananchi kupiga kura mwaka 2009 na kuingiza tiba shirikishi katika katiba, ilianzishwa diploma ya shirikisho ya mtoa tiba shirikishi mwaka 2015, na refleksolojia ni mojawapo ya njia zinazokubalika ndani yake. Diploma inathibitisha ustadi wa mtu. Bima ya lazima haikufunguliwa mlango kwa sababu hiyo.

Wanaosema isisajiliwe kabisa

Upinzani mkali hauna chuki na kukanda miguu. Unasema hivi: taaluma ya afya husajiliwa kwa sababu mbili, kwamba ina manufaa yaliyothibitika na kwamba inaweza kudhuru ikifanywa vibaya. Refleksolojia haina la kwanza kwa kiwango kinachotakiwa, na la pili ni dogo. Basi iachwe iwe huduma ya ustawi, na sheria za kawaida za biashara na usafi zitoshe. Australia haikupiga marufuku kitu; ilikataa kutumia fedha za umma, na refleksolojia iliangukia kwenye orodha pamoja na yoga na tai chi.

Hoja ina nguvu, lakini inapunguza mno upande wa madhara. Ni kweli kukanda wayo hakuvunji shingo. Hata hivyo mtu mwenye damu iliyoganda kwenye mshipa wa ndani wa mguu hapaswi kukandwa. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni hawezi kusema "unaniumiza", na mchubuko mdogo kwake unaweza kuwa kidonda kinachoishia kukatwa mguu. Katika nchi ambazo wagonjwa wengi wa kisukari hawajui kama wanaumwa, mkandaji ambaye hajafundishwa kukagua mguu kabla ya kuugusa ni hatari halisi. Mkandaji aliyefundishwa, kinyume chake, anaweza kuwa mtu wa kwanza kuona kidonda ambacho mwenyewe hajakihisi.

Kisha kuna madhara ya kuchelewa. Watanzania hawahitaji kuelezwa kwa kirefu: mwaka 2011 maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa cha shilingi 500 kilichodaiwa kuponya maradhi sugu, na wapo walioacha dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi kwa kuamini wamepona. Kikombe hakikuwa sumu. Dawa zilizoachwa ndizo zilizoleta msiba. Bango linalosema wayo unaweza kuonyesha shinikizo la damu, figo na uzazi linafanya kazi ileile polepole, mteja mmoja mmoja.

Afrika Mashariki tulipo

Tanzania ina msingi wa kisheria, yaani Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala namba 23 ya mwaka 2002 na Baraza lake, pamoja na waratibu katika halmashauri. Kenya, kupitia Sheria ya Afya ya mwaka 2017, iliweka wajibu wa kuunda chombo cha kusimamia tiba asili na mbadala. Ugumu wa mfumo wa Tanzania ni kwamba chungu kimoja kinapika vyakula vyenye moto tofauti. Mganga wa mitishamba anatoa kitu kinachonywewa, chenye kemikali zinazoweza kuchunguzwa maabara. Maswali yake ni kipimo, sumu na muingiliano na dawa za hospitali. Mtaalamu wa refleksolojia hatoi kitu cha kumeza. Maswali yake ni mikono, usafi, mipaka na maneno. Kuwapima wote kwa karatasi moja ni kumwonea mmoja na kumwachia mwingine, na Afrika Kusini ilifanya busara kuwatenganisha.

Kuna pia jambo la ukubwa. Baraza la kitaaluma huendeshwa kwa ada za wanachama. Fani yenye watu wachache ikidaiwa kujiendesha yenyewe, ama ada inakuwa nzito na watu wanabaki gizani, ama baraza linapungukiwa na kuanza kutafuta wanachama kwa kulegeza masharti.

Mizani

Tukiweka yote mezani, njia ya kuiacha kabisa inashindwa kwa sababu ya wagonjwa wa kisukari na wanaocheleweshwa kufika hospitali. Njia ya kuifanya taaluma kamili ya afya, yenye haki ya kulipwa na bima ya umma kama tiba, inashindwa kwenye ushahidi: fedha hizo zina madai yenye nguvu zaidi, kuanzia insulini hadi tiba ya viungo. Rejista ya hiari peke yake inawabana wasiohitaji kubanwa.

Kilichobaki ni usajili mwembamba. Thamani yake haiko katika kile unachomruhusu mtu kufanya, iko katika kile unachomkataza. Mfumo wa Afrika Kusini unafaa kuigwa hasa kwa kipengele kinachovutia wachache: mtoa tiba hatambui ugonjwa. Kikitafsiriwa kwa mazingira yetu, kingekuwa na masharti machache yenye kukaguliwa: hakuna kusoma magonjwa kwenye wayo, hakuna kumwambia mtu aache au apunguze dawa, kukagua mguu kabla ya kuanza, orodha ya hali zinazozuia kukanda, na tangazo linalotaja nafuu na mapumziko bila kutaja jina la ugonjwa. Mafunzo ya anatomia, usafi na dalili za hatari yapewe saa nyingi kuliko ramani. Ramani yoyote ile ifundishwe. Kwa usalama wa mteja tofauti yake ni ndogo.

Kuna gharama. Watoa huduma watalalamika, na si bila haki, kwamba wamepewa cheti chenye kunyamazisha nusu ya wanayoyaamini. Wapinzani watasema hata cheti hicho kitatundikwa ukutani na kusomwa vingine. Dawa ya hofu ya pili ni kuandika kwenye cheti chenyewe, kwa Kiswahili na kwa herufi za kuonekana, kwamba mwenye nacho haruhusiwi kutambua wala kutibu ugonjwa.

Mengi ya hayo yanaweza kuanzia kwenye kanuni zilizo chini ya sheria iliyopo, bila Bunge kuanza upya. Kinachotangulia ni Baraza kuamua kama mkandaji wa nyayo ni mganga au ni mtoa huduma wa daraja lake mwenyewe, kwa kuwa jibu hilo ndilo litakaloonyesha ada yake iwe kiasi gani, akaguliwe na nani, na mteja aliyeumia apeleke malalamiko dirisha lipi.